Wimbo Nilioupeleka Bigo

Juzi nilipita mbele ya atelie moja ya seremala huku Rwambuzi, nikasimama bila kukusudia. Walikuwa wanapaka verni mlango mpya, na ile harufu kali, inayokwaruza koo na kuliza macho, ilinishika kama mkono. Kijana aliyeshika brashi akaniuliza kama nataka kuagiza mlango. Nikamwambia hapana, nikaendelea na safari, lakini siku nzima sikuweza kufanya kazi ya maana. Baba yangu alinukia hivyo maisha yake yote. Hata alipovaa shati safi la kwenda misa, chini ya sabuni kulikuwa na verni.

Wengi wa umri wangu hapa Bunia mnamfahamu mdogo wake. Mmecheza nyimbo zake kwenye harusi zenu. Baba yangu hamumfahamu, au mnamfahamu kama fundi aliyetengeneza milango ya nyumba zenu.

Ukoo wetu ulikuwa na kazi mbili, mbao na nyimbo. Babu alikuwa seremala siku za juma, na mwalimu wa kwaya siku ya Mungu, kanisani Ngezi. Gitaa za kwanza za wanawe alizichonga kwa mkono wake, na nyuzi alizitoa katika kebo za breki za baiskeli. Alikuwa na wana wawili: baba, na baada yake Jules, ambaye mimi nilimwita baba mudogo. Wakakua wakipiga pamoja. Baba ndiye aliyetunga maneno na kupanga sauti. Baba mudogo ndiye aliyesimama mbele akaimba, kwa sababu alikuwa na uso ambao watu hupenda kuutazama na miguu isiyotulia. Baba akiwa jukwaani alitazama vidole vyake tu, kama mtu anayepima ubao.

Walipiga pamoja miaka mingi, kwenye harusi, sherehe za mapadri wapya, mikutano ya wakubwa. Kilichowatenganisha ni libanga. Kwetu, kutupa libanga ni kutaja majina ya watu wenye mali na vyeo katikati ya wimbo, ili wajisikie wakubwa na wamkumbuke mwimbaji. Baba mudogo alilitaka. Baba alilikataa. Alisema wimbo si ukuta wa kubandikia picha za uchaguzi. Babu alipokuwa hai aliwakalisha kwenye benchi moja wakanyamaza wote wawili. Alipokufa, benchi likabaki bila mtu wa kuwakalisha. Baba mudogo akahamia mtaa wa Bigo na spika na ngoma zote, baba akabaki Rwambuzi na gitaa la mbao.

Halafu tukakimbia. Sitasimulia vita, kila mmoja wenu ana yake. Ninachotaka kusema ni kwamba kaka yangu Patrice, mwenye miaka kumi na moja, alishikwa na homa njiani, na siku ya tatu akafa. Baba, aliyekuwa amewatengenezea jeneza watoto wa watu wengine, hakuwa na ubao hata mmoja. Wakamfunga Patrice ndani ya mkeka wa mwanamke tusiyemjua, wakamzika kando ya barabara, chini ya mti wa mkaratusi, na watu waliendelea kupita na mizigo yao kichwani. Mimi nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka kwamba mkeka ulikuwa mfupi.

Tuliporudi Bunia, baba alifungua tena atelie yake na jina la Patrice halikutajwa tena. Mama alilitaja mara moja tu mezani, baba akainuka akaacha chakula. Tangu hapo nyumba yetu ikawa na chumba kimoja ambacho hakuna aliyeingia, ijapokuwa kilikuwa hakina kuta. Mimi nilikuwa nimebaki mtoto pekee, na nilifikiri sasa baba angenitazama. Hakunitazama. Alinipa chakula, alinilipia shule, alinishonea mkoba kwa turubai, lakini macho yake yalipita juu ya kichwa changu, pale ambapo kichwa cha Patrice kingefika.

Basi siku moja ya mvua, wateja hawapo, nikasikia gitaa. Baba alikuwa ameketi juu ya rundo la mbao, anatafuta sauti moja, anaiacha, anairudia. Nikajikunja nyuma ya mlango ambao haujakwisha kupakwa verni, nikasikiliza. Kuanzia hapo kila mvua iliponyesha mchana nilikimbilia pale. Wimbo ulikua polepole sana. Neno moja lilikaa wiki mbili, kisha baba akalitupa. Mama akimwambia, “Si umalize basi, uende mu studio kama benzako,” yeye alijibu, “Haijaiva.” Hayo tu. Sijui kama wimbo ungeiva siku moja. Siku hizi hufikiri kwamba hakutaka uishe, kwa sababu ukiisha angebaki na nini.

Sasa nieleze kosa langu. Bibi yangu, mama mzazi wa baba, ambaye sote tulimwita koko, alinipa jina la Makala. Makala kwetu ndiyo makaa ya kupikia. Aliniita hivyo kwa weusi wangu, kwa upendo, na mtaa mzima ukafuata. Na katika kiitikio cha ule wimbo nilisikia baba akiimba:

Mutoto ya makala haizimike na machozi.

Nilisikia hivyo kwa masikio yangu mawili. Mvua ilikuwa inapiga mabati, baba aliimba kwa sauti ya chini kama mtu anayeongea na meno yake, na mimi nilitaka sana kusikia hivyo. Nikaelewa kwamba wimbo ule ni wangu. Baba hanitazami, nikawaza, lakini ananiimba. Kulikuwa na sehemu nyingine isemayo, “Fundi ya mbao, mutoto yake analala mu mukeka,” na hiyo pia niliichukua, maana mimi nililala juu ya mkeka. Baada ya maneno hayo baba aliacha kupiga kabisa. Mikono ilikaa juu ya nyuzi, kimya, kiasi cha mtu kuvuta pumzi mara nne au tano, kisha gitaa likarudi. Nilidhani pale amesahau.

Shule yangu ilikuwa karibu na Bigo. Siku moja baba mudogo aliniona njiani akaniita kwa upole. Nyumbani tulikuwa tumekatazwa kwenda kwake, lakini hakuna aliyenieleza sababu, na alikuwa na mandazi ya moto.

“Makala, kuya hapa. Yaya iko namna gani?” Yaya ni baba, mkubwa wake.

“Iko muzuri.”

“Iko anapiga gitare bado?”

“Ndiyo. Mvua ikinyesha.”

“Anapiga nini?”

Nikajivuna. Nikamwambia anapiga wimbo wangu. Baba mudogo akacheka, akanisogezea sahani, akaniambia, “Niimbie kidogo, nisikie wimbo yako.” Akaweka simu yake mezani, mbele yangu. Nilifikiri anangoja baba ampigie.

Nikaimba. Nilipoimba, baba mudogo alifumba macho na kuinamisha kichwa, na vidole vyake vikawa vinatembea juu ya goti. Nilimwona koo likipanda na kushuka. Nikasema moyoni, anamlilia kaka yake. Nilirudi nyumbani na siri nzito tamu tumboni pamoja na mandazi, nikiamini kwamba Mungu amenichagua mimi niwapatanishe. Basi kila kipande kipya baba alichokitunga, mimi nilikipeleka Bigo. Nilikwenda mara nne, labda tano. Mara ya mwisho baba mudogo aliniuliza, “Na hapa katikati, kisha ya mukeka, anasema nini?” Nikamjibu, “Hapo hasemi kitu. Ananyamaza.” Akasema, “Ah bon,” akazima simu.

Miezi ikapita. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua kali. Kinyozi wa jirani alikuwa amefungua redio mpaka mwisho kama kawaida yake, baba alikuwa anapiga randa, mimi naokota maranda ya kuwashia moto. Ukaanza wimbo wenye gitaa tatu na ngoma ya kukimbia. Mwanzoni hata mimi sikuutambua, ulikuwa umevishwa nguo nyingi. Kisha ikaja sauti ya baba mudogo, nzuri, ya kubembeleza, ikasema mutoto ya makala haizimike na machozi.

Nilirukaruka. Naona aibu kuandika hili, lakini nilirukaruka pale kwenye maranda, nikapiga makofi. Wimbo wangu ulikuwa redioni.

Baba alisimamisha randa katikati ya ubao. Alisikiliza mpaka mwisho. Ilipofika ile sehemu ya mkeka, pale ambapo yeye huacha mikono juu ya nyuzi, baba mudogo alimwaga majina: mheshimiwa fulani, bosi fulani mwenye magari ya kwenda Kampala, mama fulani mwenye depo ya bia. Majina saba au nane, yakifuatana kama mizigo inayopakiwa. Wimbo ukaisha, mtangazaji akasema jina la mtunzi, na jina hilo halikuwa la baba.

“Makala,” baba akasema. “Imba ile wimbo.”

Kwa mara ya kwanza tangu barabara ile, alikuwa ananitazama mimi. Si juu yangu. Mimi. Nikasimama wima, nikamwimbia, na nilipofika kwenye kiitikio niliimba kwa nguvu zaidi ili asikie kwamba nimejua.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, taratibu, kama anavyomweleza mwanafunzi wa atelie, “Ni moto. Moto ya makala haizimike na machozi. Si mutoto. Moto.”

“Jules anaimba mutoto,” baba akaendelea. “Mu dunia muzima, mutu moja tu anaweza kumupa hii neno. Ulimwimbia?”

“Ndiyo.”

“Mara ngapi?”

“Sijue. Alilia, baba. Alikuwa anakupenda.”

Nilingoja kipigo. Karibu yake kulikuwa na fito na mikanda na kila kitu. Baba akainua randa, akaendelea na ubao uleule kutoka mahali alipokuwa ameachia, na maranda yakaanza tena kuanguka miguuni kwangu. Mama ndiye aliyenieleza jioni ile, huku akichambua mboga ya lengalenga, kwamba wimbo ulikuwa wa Patrice, kwamba mtoto wa mkekani ni Patrice, kwamba kile kimya ndicho mahali ambapo baba anamwita bila kutaja jina. Alinieleza bila hasira.

Kesho yake baada ya misa baba alinishika mkono tukaenda Bigo. Sijui kwa nini alinichukua. Labda alitaka shahidi, labda alitaka nione. Baba mudogo alitupokea vizuri, akaagiza soda.

“Yaya,” akaanza yeye kabla baba hajaketi, “ile wimbo ni ya famille. Baba alitufundisha siye wote mu benchi moja. Weye ungeifungia mu atelie mpaka mende ikule.”

“Sikukuya juu ya jina,” baba akasema. “Kaa nayo. Ile mabanga tu, ile majina, utoe. Hapo ni pa Patrice.”

Baba mudogo akatazama soda yake. Niliona kwamba alikuwa hajui. Uso wake mzuri ulibadilika, ukazeeka kidogo mbele yangu, na kwa dakika moja nilifikiri atasema ndiyo. Lakini watu aliowataja walikuwa wamekwisha kujisikia redioni.

“Siwezi, yaya. Imeshatoka. Na kimya, batu banaicheza namna gani?”

Baba akainuka. Mlangoni akageuka, akasema, “Ulimukamata Patrice mu mikono siku ya batizo yake.” Njiani kurudi alinishika mkono kwa nguvu kiasi kwamba vidole vyangu vilikufa ganzi, na sikuthubutu kuuondoa.

Wimbo ukawa mkubwa kuliko nyimbo zote walizopata kutunga. Ulipigwa Bunia, Beni, Butembo, ukavuka mpaka wa Uganda. Watu walipenda sana yale maneno, mutoto ya makala, kwa sababu hakuna aliyejua maana yake na kila mmoja aliweka yake. Nilimsikia baba mudogo akiulizwa redioni, akajibu kwamba aliwaza watoto yatima wanaouza makala barabarani, na kwamba maneno yalimjia akiwa katika maombi. Kosa la masikio yangu ndilo lililomjenga. Shuleni wenzangu waliniimbia kila nilipopita, kwa sababu ya jina langu. Walinipenda kwa ajili hiyo. Nikamwomba koko aache kuniita Makala.

Baba hakuvunja gitaa wala hakulificha. Lilining'inia ukutani kati ya misumeno, likapata vumbi la mbao kama vifaa vingine. Kuna mara moja tu niliyomwona akilipiga mbele ya watu. Binti wa kinyozi aliolewa, waliomba baba apige wimbo mmoja kwa ujirani, na alipomaliza wimbo wa kanisa vijana wakaanza kudai, “Muzee, tupigie ile ya ndugu yako.” Wakadai mpaka bibi harusi mwenyewe akaomba kwa mikono miwili. Baba akapiga. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nimesimama na trei ya soda, nikajiambia sasa, sasa ataurudisha mahali pake. Kiitikio kilipofika akaimba mutoto. Aliimba kama wanavyoujua wao, na wakaitikia kwa furaha, na alitazama vidole vyake tangu mwanzo hadi mwisho. Mahali pa kimya hakunyamaza. Alipita juu yake haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyofukuzwa. Sijamsamehe baba kwa siku ile, ijapokuwa najua sina haki.

Alikufa kwa mapafu, vumbi la miaka mingi, nikiwa tayari na watoto wangu wawili. Kwenye matanga baba mudogo alikuja na spika kubwa, akasimama karibu na jeneza, nywele nyeupe, suti safi, akawaambia watu kwamba ule wimbo wake maarufu aliutunga kwa ajili ya Patrice, mtoto wa kaka yake. Alilia. Kilichoniumiza ni kwamba hakuwa anaigiza. Kwa miaka yote ile alikuwa ameuimba mara nyingi mno, akawa ameuamini.

Nilikuwa nimepangiwa kusema baada yake kwa niaba ya familia. Nikasimama. Nilikuwa nimeyaandaa maneno hayo tangu nikiwa na miaka minane, na watu wote waliopaswa kuyasikia walikuwepo. Koko alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na miguu yangu. Akashika pindo la kikwembe changu.

“Najua,” akasema, kwa sauti ya kusikiwa na mimi tu. “Nilijua tangu zamani. Nilimuzaa ule mwenye kutunga na ule mwenye kuiba. Leo nazika moja. Unataka nikuwe bila mutoto hata moja?”

Nikawashukuru watu kwa kuja. Nikashukuru kwaya, na majirani waliochimba kaburi. Nikaketi.

Koko sasa anaishi kwangu. Haoni tena vizuri, lakini anasikia pikipiki ya baba mudogo ikiwa bado mbali, kwa sababu anakuja kila siku ya Mungu baada ya misa. Anamletea sukari na dawa za miguu. Anakaa karibu naye, anamkata kucha. Ni mwana mwema kwa mama yake, siwezi kumnyima hilo. Mimi napika bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, nawatengea wote wawili.

Siku hizi hawamwiti sana kuimba. Vijana wana muziki wao. Mwezi uliopita alimaliza kula, akanawa, akabaki amekaa na maji yakimdondoka vidoleni.

“Binti yangu,” akasema, “Yaya hakuacha wimbo ingine? Hata kipande? Tungefanya kitu kwa kumukumbuka.”

Baba aliacha kumi na moja. Baada ya Jumamosi ile hakugusa tena gitaa akiwa peke yake, lakini alitunga kwa mdomo, akipiga randa, ili sauti ya randa izifunike. Mimi nilikuwa jikoni, nimekua, na sikukosea tena neno hata moja. Nazijua zote. Sijawahi kuziimba mbele ya mtu, wala mume wangu, wala watoto. Sijui nazilinda au nazizika.

Koko alikuwa amegeuza uso upande wangu, anangoja yeye pia.

“Hapana, baba mudogo,” nikasema. “Hakuacha kitu.” Nikamwuliza kama nimwongezee sombe, akasema kidogo, nikamwongezea.